Ziondoe Zile Sekunde Kumi

Mwanangu Nasra,

Salamu nnaziweka mwisho. Nikianza nazo ntaishia nazo, karatasi ijae hali yangu na hali yako na hali ya majirani, na lile nnalotaka kulisema libaki kifuani kama lilivyobaki mwaka mzima. Mimi najijua.

Alasiri nshasali. Wewe umekwenda kuaga jamaa. Asubuhi ulikuwa Amani, sasa uko Mangapwani kwa watu wangu, na kwa nnavyowajua hawakuachii mpaka ule mihogo, unywe chai, halafu ufungiwe mihogo mingine ya kwenda nayo Mbeya, utadhani huko bara hakuna mihogo. Kesho saa moja asubuhi ni boti. Nyumba hii ya Mkunazini uliyokuwa ukiilalamikia kwa ufinyu, leo nimeiona kubwa. Nimezunguka vyumba vyetu viwili mara tatu sina nnachokitafuta. Mwisho nimekaa hapa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta, na daftari lako la fizikia uliloliacha nusu.

Sikuandikii habari za sweta, wala za kula, wala za kuangalia mkoba wako ndani ya basi. Hayo nshakwambia mpaka jana ukaziba masikio ukacheka. Nakuandikia kukujibu suala lako.

Umeniuliza mara tatu wiki hii: "Mama, nikuwekee ipi iwe ya mwanzo, Windows au Linux?" Jumatatu nlikwambia, "Yoyote, mwanangu." Jana natia uzi kwenye sindano nkakwambia, "Unayoiona wewe." Leo asubuhi ushavaa buibui, viatu mkononi, ukauliza tena, nami nkasema, "Mimi nijue nini mambo hayo?" Ukanitazama. Ukasema, "Yoyote si jibu, Mama," kisha ukaufunga mlango polepole. Bora ungeubamiza.

Mtu wa nje angecheka. Suala lenyewe hilo tu? Kompyuta hii uliileta kutoka madukani Mlandege imefungwa ndani ya kanga yangu, na ruhusa ya kanga hukuomba. Kompyuta ya ofisi ya watu huko Dubai, imeshachoka, ubavuni ina kibandiko cha chumba namba sijui ngapi. Nkasema, ati hii ndiyo ya kuchezea magemu? Ukaifungua tumbo, ukaipangusa vumbi kwa brashi yangu ya kofia nnazoshona, ukaiongeza memori, ukaitia na kadi ya picha ya mtumba ambayo feni lake moja halizunguki mpaka ulisukume kwa kidole. Pesa za mwaka mzima wa kuwasomesha watoto wa mtaani ziliishia humo.

Windows mpya ikaikataa, umri umeipita. Ile ya zamani ikakubali, lakini ukifungua gemu mashine yote inavuma na picha zinaganda. Ndipo ukaleta hiyo Linux kwenye flashi, mfumo mwengine wa kuiendesha kompyuta. Nyepesi, ulinambia, haina makuu, mashine kongwe unaikuta inatembea. Lakini hukuwa na moyo wa kuitoa Windows, maana lile gemu la kupigana unalocheza na wenzako kwengine halifunguki. Ukaziweka zote mbili. Tangu hapo ukiiwasha, kabla ya chochote, inakuja skrini nyeusi na majina mawili, moja juu moja chini, na pembeni namba inashuka: kumi, tisa, nane. Ukibonyeza, inakwenda unakotaka. Usipobonyeza, ikifika sifuri inajichukulia ile ya juu.

Sasa wewe unaondoka na laptop yako ndogo, na hii inabaki na mimi. Windows nshaizoea. Picha za kofia zangu zimo, wateja nnawapata humo, na ikiharibika fundi yeyote wa Mlandege ataitengeneza. Linux inakwenda mbio, lakini ikinigomea, Mkunazini nzima nani anaijua? Ni wewe tu, nawe utakuwa Mbeya. Kwa hiyo usidhani sikuwa na la kusema. Nlikuwa nalo, na sikulisema.

Nimeiwasha sasa hivi, nisibonyeze kitu, nikaitazama tu mpaka ikajichagulia. Kuna jambo namba ile inanikumbusha, Nasra, na wewe hulijui. Ngoja nikueleze.

Nlikuwa na miaka kumi na tisa, niko kwetu Mangapwani, nimepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi. Barua yenyewe nimeificha ndani ya foronya, nnatafuta siku nzuri ya kumwambia baba. Shangazi yangu Bi Zuwena, Mungu amrehemu, akaingia chumbani nnakunja nguo. Akasema, "Wamekuja watu wa mjini na posa. Kijana ana heshima zake, na baba yako karidhika. Wewe unasemaje?"

Nkainamisha kichwa. Unajua mambo yetu: mwanamwali akiulizwa akanyamaza, basi amekubali, haya zimemzuia ulimi. Lakini mimi hazikuwa haya. Nlikuwa nnangoja aniulize mara ya pili. Nlijiambia moyoni, akirudia tu, ntamtolea barua aione. Shangazi hakurudia. Alifika mlangoni akapiga kigelegele, "Keshanyamaza!" na wanawake wa uani wakamwitikia. Nguo nliyokuwa nimeishika nikaikunja, nikaiweka juu ya nyengine.

Kijana huyo ndiye baba yako. Usije ukadhani nnamlaumu, au kwamba wewe umetokana na huzuni. Baba yako alikuwa akileta samaki anampara mwenyewe, ili mikono yangu isinuke nikishika kofia za watu. Wanaume wangapi unawajua wa hivyo? Nlimpenda, tena sana, ila mapenzi yenyewe yalikuja baadae, kwa miguu. Mwaka aliougua, wewe uko skuli, nlimtolea ile barua nikampa. Aliisoma yote, akaikunja vile vile ilivyokuwa imekunjwa. Akasema, "Ungesema, ningekungoja."

Miaka kumi na nane nlikaa nyumba moja na mtu ambaye angeningoja, na sikujua, kwa sababu sikufungua mdomo. Siku hiyo nlilia kuliko siku ya maziko yake. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ungedhani aliyepitia hayo hatomfanyia mwanawe. Nami nlidhani hivyo hivyo.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, nlifungua begi lako kutafuta mkasi wangu, nikakuta fomu ya chuo cha Mbeya. Nliirejesha kama nlivyoikuta. Juma lile lile Bi Asya wa Amani, shoga yangu wa tangu skuli, akaleta maneno kwamba mwanawe Mudrik anakutaka. Kijana mzuri, ana duka lake la simu, hana neno na mtu. Nikamwambia Bi Asya ntakuuliza. Ilikuwa alasiri kama hii. Wewe umekaa hapa hapa, siku ya kwanza ya kuiweka hiyo Linux, unaizima unaiwasha, unaizima unaiwasha, na masikioni una zile hedfoni kubwa nyekundu, juu ya mtandio.

Hapa soma polepole, mwanangu.

Nlikwambia sikuziona. Nliziona. Nliona wekundu wake, na muziki nliusikia unavuja. Nlisimama nyuma yako na kofia yangu mkononi, nikakuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayesoma katika sala ya adhuhuri, "Nasra, Bi Asya kaleta posa ya Mudrik. Unasemaje?" Kwenye skrini ile namba ilikuwa inashuka. Nikaikodolea macho. Saba, sita, tano. Wewe unatikisa mguu na muziki wako. Ilipofika sifuri skrini ikaenda zake, na mimi nikaenda zangu jikoni. Nikampigia simu Bi Asya, nikamwambia, "Keshanyamaza."

Wanazuoni waliosema kimya cha mwanamwali ni ridhaa walimhurumia mwenye haya. Hawakumkusudia mama anayechungulia kwanza masikio ya mwanawe.

Yaliyofuata unayajua. Ulikwenda harusini Amani, Bi Asya akakukumbatia mbele za watu akakwita mkwe wangu. Ulirudi hukuvua hata viatu.

"Mama, mimi nimeulizwa lini?"

"Nlikuuliza, ukanyamaza."

"Nlikuwa na hedfoni masikioni!"

Ndipo nkasema lile neno. "Sikuziona, mwanangu. Macho yangu haya ya kushonea kofia kutwa kucha, yamekwisha." Ulikuwa umewaka kwa hasira, na nliposema macho, hasira ikakutoka hapo hapo. Ukanishika uso kwa mikono miwili ukanitazama. Kesho yake ukanipeleka hospitali. Daktari akasema ni umri tu, tena kidogo. Wewe ukanichagulia miwani, ukaja ukanikuzia maandishi yote ya kompyuta, kila herufi kama punje ya mahindi. "Sasa unaona, Mama?" Nikasema naona. Ulinisamehe kosa ambalo sikulifanya, na lile nlilolifanya hulijui. Kila nikiiwasha mashine hii yale maandishi makubwa yananisuta, na miwani nnaivaa ukiwepo, ukitoka naivua. Barua hii nnaiandika bila ya miwani.

Na kwa nini nlikufanyia? Nimetafuta sababu ya kukupa yenye heshima, sikuipata. Amani naweza kwenda kwa miguu. Mbeya siwezi. Ndiyo hiyo. Nlitaka uwe na nyumba ambayo ukiumwa nitafika na uji bado una moto. Nlimuona baba yako anatoka mlango ule amefunikwa, nikasema huyu nliyebakiwa naye hatoki. Sikujali utabaki kwa furaha au kwa kununa, mradi ubaki. Nakuonea haya kuyaandika haya, lakini mficha uchi hazai.

Nlipokwenda kuvunja ile posa nlimwambia Bi Asya kwamba wewe unataka kusoma kwanza. Watu wakasema msichana kazugwa na magemu, haolewi huyo. Nikawaacha waseme. Wewe uliyabeba maneno yao, mimi nikashona kofia. Leo adhuhuri nimempigia Bi Asya nikamwambia kweli yote. Akasema, "Na wewe Maryam, loo! Miaka yote hii nakujua, kumbe sikujui," akaikata. Anayo haki.

Roho ilizidi kuniuma kwa sababu baada ya yale yote ulinihurumia. Uliniona nimekaa peke yangu na macho yangu mabovu ya uongo, ukanivutia kiti. "Njoo nikufunze gemu, Mama, si la kupigana." Gemu la jikoni! Wapishi wawili wadogo, wateja wanadai chakula, mmoja akate nyanya mwengine aoshe sahani, na saa inakimbia. Mimi niliyewapikia pilau watu wa harusi mia tatu, nikashindwa kukata nyanya moja. Ukawa unapiga kelele, "Mama, sahani! Mama, moto! Mama, huyo unayemwendesha ni mimi!" Nami nakujibu, "Niache, we mtoto, hata jikoni kwangu hunipigii kelele hivyo!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwenye Windows yule mpishi wangu alikuwa akiganda na kisu mkononi, mchuzi unaungua, na mimi nabonyeza mpaka kidole kinauma. Kwenye Linux akaenda kama katiwa mafuta. Siku tuliyopata nyota tatu ulinibusu kwenye paji la uso, ukasema, "Umeona macho yako yalivyo mazuri sasa." Nikasema Alhamdulillahi. Usiku huo sikula.

Haya, jibu lako. Nataka Linux. Nimelitamka kwa sauti hapa peke yangu, na paka wa jirani dirishani amegeuka kunitazama. Nataka Linux kwa sababu nataka Ijumaa jioni tupike pamoja, wewe uko Mbeya mimi niko hapa, na mpishi wangu asigande. Ikinigomea ntakupigia simu, utanambia cha kuandika herufi moja moja, ntakosea, utanicheka, na mimi ntakuwa nimekusikia unacheka. Mlandege siendi. Windows iache mahali pake, usiitoe. Picha za kofia zimo, na ukija likizo utataka kupigana na wenzako.

Lakini usiiweke Linux ya mwanzo. Wala nyengine usiiweke ya mwanzo. Siku moja ulinambia kuna pahala mtu huandika, ile namba ikawa haishuki tena, majina mawili yanakaa pale pale mpaka mtu abonyeze. Nlijifanya sisikilizi, nlisikia. Nifanyie hivyo leo kabla hujafunga begi. Ziondoe zile sekunde kumi. Nikienda kuitazama chai jikoni inisubiri. Nikisahau nikalala, niamke niikute inanisubiri. Nimeishi maisha yangu nimechaguliwa na sekunde kumi, na wewe nlitaka kukuchagulia kwa hizo hizo.

Huko unakokwenda watu watakuuliza mambo ukiwa umeshughulika, na wengine watakuvizia ushughulike ndipo wakuulize, kama alivyofanya mama yako. Nawe siku moja utampenda mtu mpaka utatamani kumwibia jibu. Ikikufika hiyo, nikumbuke mimi nimesimama nyuma ya kiti hiki na kofia mkononi. Sikudhanii kwamba utafanya. Nasema tu kwamba mimi sikujidhania pia.

Salamu nlizokuahidi ni hizi: hujaondoka na nshaanza kukukumbuka. Nimeunusa mtandio wako ulio nyuma ya mlango kama mwendawazimu. Nafurahi unakwenda, Wallahi nafurahi, na ningeweza kulificha boti ningelificha. Yote mawili ni kweli na sijui niyaweke wapi.

Barua hii utaikuta juu ya kibodi. Miwani nimeiweka pembeni yake. Hedfoni nyekundu nimezipandisha juu ya kabati, huzifikii bila ya kiti. Mimi niko jikoni, napika kweli, mlango sijaufunga.

Ukishamaliza kusoma njoo unijibu: utanisamehe kwa lile nlilolifanya, sasa kwa kuwa unalijua? Ukisema hapana ntaisikia, na kesho ntakusindikiza bandarini vile vile. Ukisema unahitaji siku, au mwaka, ntangoja. Lakini ukisimama mlangoni ukanyamaza, mwanangu, sitohesabu kuwa umekubali.

Ntakuuliza mara ya pili.

Mama yako,
Maryam